Mbavu Tatu za Baba

Kaka,

Sikuulizi hali, maana tulipokutana hospitalini ulinigeuzia shingo. Huku chuoni mitihani imeisha, na paa la bweni bado linavuja.

Nimesikia umemwambia Baba kwamba nilimvunja mbavu tatu kwa hasira. Ameamini, na hataki nikanyage kwake. Siku ile moyo wake ulikuwa umesimama. Mimi nambonyeza kifua, wewe wanivuta bega na kupiga kelele: "We mtoto, unamuua mzee!" Huo mdomo wako ungekuwa mikono, tungesaidiana.

Sasa mmebaki wawili humo ndani, kwa hiyo soma hata kama umenuna. Moyo uko nyuma ya mfupa wa kidari, na mbavu zimeuzingira. Akianguka tena na asipumue, ita watu, kisha weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka mpaka msaada ufike. Huenda ukasikia ubavu ukivunjika. Usimwachie.

Mdogo wako, ambaye hajakusamehe.