Nyumba ya Zuwena Jangwani

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Sie huku Kinondoni hatujambo. Mjomba wako Seif amepona mguu, anakwenda msikitini mwenyewe.

Umeniuliza kama uwapeleke watoto kulala jangwani au ungoje wakue kwanza. Enzi za Mwingereza, baba alifunga duka tukaenda Uarabuni kwa wazee wake, na njiani tukapiga hema jangwani. Mdogo wangu Zuwena, mtoto wa miaka minne, alipoona mchanga hauna mwisho alilia, akataka turudi nyumbani. Baba akaanza kujuta kumleta. Mama akachukua kijiti, akamchorea nyumba mchangani, yenye chumba, jiko na mlango. Zuwena akaingia, akakaa, akanyamaza.

Baba akaja na birika la chai, akakanyaga mstari.

"Baba, umepita ukutani," Zuwena akamwambia.

Baba hakuwa mtu wa michezo, nikadhani atamkaripia. Akarudi nyuma, akavua viatu, akasimama pale mlangoni.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Baba."

Tulikunywa chai humo sote, na asubuhi Zuwena ndiye aliyegoma kuondoka.

Wapeleke tu, Salma. Mungu awatangulie njiani.

Bibi yako