Ufito wa Baba

Chepilat, 7 Mei 2025

Mwanangu Mongina,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, magoti tu ndiyo yananisumbua mvua ikija. Mama yako anauliza kama unakula.

Jana nilikuwa dukani kwa Ann. Binti yake Wanjuhi alikuwa kwa simu akisoma historia na wewe kwenye darasa lako la mtandaoni, sauti juu, duka zima linasikiliza. Nikavimba kichwa, nikawaambia wateja mwalimu huyo ni wangu! Halafu ukawaonyesha picha ya wachuma chai wa zamani, ukasema ile fimbo ndefu juu ya michai ilikuwa ya msimamizi ya kuwachapa. Ann akanitazama. Nilitoka bila sukari.

Huo ni ufito, Mongina. Unaulaza juu ya michai, unachuma yale majani yanayopita juu yake, na shamba linabaki sawa kama meza. Nimeubeba miaka thelathini na moja, ukakusomesha. Nimeudhika sana. Rekebisha.

Ann ataipiga barua hii picha akutumie. Kwa posta, hasira ingefika imepoa.

Baba yako,
Ogoti

Kapsoit, 9 Mei 2025

Baba mpendwa,

Natumai magoti yana nafuu. Mwambie mama ninakula, tena sana.

Pole, baba. Picha niliitoa mtandaoni, na maelezo nikayabeba vile yalivyokuwa. Shambani ulikochuma sikuwahi kufika. Ulikuwa ukija nyumbani mwisho wa mwezi, ufito ukiuacha kambini.

Lakini nielewe. Bado niko kwenye majaribio ya miezi mitatu, na mkuu wa masomo husikiliza kila kipindi. Mwenzangu alikosea tarehe moja tu, hatukumwona tena. Nikijikosoa mbele ya wanafunzi sitini, kazi imekwenda. Naomba tuyaache yapite.

Binti yako,
Mongina

Kapsoit, 13 Mei 2025

Baba,

Hamjambo huko? Umeninyamazia siku nne. Ann anasema ulisoma barua yangu ukaondoka bila neno. Hiyo imeniuma kuliko kugombezwa.

Leo nimeanza kipindi hivi: "Wiki jana niliwafundisha uongo. Baba yangu alichuma chai, na mimi sikumwuliza." Nikatoka nje na simu, nikalaza mpini wa ufagio juu ya ua wa miti wa jirani, nikawaonyesha. Nikajua nimekwisha. Ndipo mwanafunzi mmoja, Chepchirchir wa Longisa, akasema, "Mwalimu, hiyo shosho yetu ako nayo! Sisi huanika nayo nguo." Basi kila mtu akataka kwenda kuwauliza babu na nyanya wa kwao. Tulipitisha muda kwa dakika ishirini.

Mkuu ameniandikia: "Njoo ofisini kesho." Hakuongeza kitu. Naogopa, baba, lakini sijuti.

Binti yako,
Mongina

Chepilat, 13 Mei 2025, jioni

Mongina,

Salamu za mama, na za Ann pia.

Sikukujibu kwa sababu sikutaka useme kwa kusukumwa. Leo nilikusikiliza nikiwa nyuma ya magunia ya unga, Ann asinione uso. Miaka thelathini na moja shambani, sikusikia msimamizi hata mmoja akisema amekosea. Wewe umesema mbele ya watoto sitini.

Nenda ofisini kifua mbele. Wakikufukuza, rudi nyumbani vivyo hivyo. Wakikuacha, Jumanne nitakuwa kwa simu ya Ann na ufito wenyewe, maana ule mpini uliushika vibaya.

Baba yako,
Ogoti