Jina la Baba Mkwe Linakwenda Angani

Shikamoo Bi Raudha, naomba msaada wako, naandika mtoto yuko titini kwa hiyo mwandiko unisamehe. Mume wangu Kamugisha ni mwalimu wa jiografia huku Goba, na miaka ya nyuma alijiunga na kikundi cha mtandaoni kinachokagua picha za darubini, akaona kanukta kanasogea, kumbe ni jiwe, asteroidi, linazunguka jua katikati ya sayari za Mirihi na Mshtarii pamoja na mawe mengine maelfu kwa maelfu, likapewa namba ya muda, mwaka huu limepata ya kudumu na kaambiwa aliyeligundua ndiye anayependekeza jina. Basi nyumba haina amani. Jina lisizidi herufi kumi na sita, lisiwe la biashara, liambatane na maelezo, anaandika anafuta, anaandika anafuta, na mwanetu wa kiume ana miezi saba hana jina, kwa sababu kwao Bukoba jina la ukoo hutoa baba na mie nimesubiri kwa heshima. Kadi imeandikwa "Mtoto wa Jovina". Juzi kliniki nesi kaniuliza, "Mama, huyu mmemwokota?" watu wakacheka. Nikamwambia Kamugisha, akajibu, "Mama watoto, tulia, hata jiwe lilikaa na namba tu miaka sita." Halafu ndiyo akaniua kabisa: jina la marehemu baba yake, Rwegasira, nililotegemea apewe mwanangu, anataka lipewe jiwe, na anasema jina la mzee halipewi wawili. Nampenda, ila nimechoka. Nifanyeje?
Jovina, Goba

Marahaba Jovina mwanangu. Pole kwa uchovu, na pole inaishia hapo, maana mmenichefua nyote wawili.

Nianze na huyo mnajimu wako. Kaona nukta inasogea mamilioni ya kilomita huko, ila kiumbe kinachomtambalia miguuni hajakiona! Mwulize, jiwe linachanjwa surua? Linaandikishwa shule? Na mzee Rwegasira angefurahi kukosa mjukuu wa kumrithi jina, eti aheshimiwe na jabali lisilo hata na hewa? Tena aliyegundua hupewa miaka kumi ya kupendekeza. Miaka kumi! Mwanao atakuwa darasa la nne, bado anaitwa Bebi.

Na wewe unajiita mwenye heshima. Heshima gani? Mila inampa baba haki ya kutoa jina, haimpi haki ya kulikalia. Ungepiga simu Bukoba tangu siku ya arobaini.

Sasa sikiliza. Leo hii mpigie mama mkwe, weka spika, Kamugisha akiwa hapo hapo mezani. Sema, "Shikamoo mama, jina la baba linapewa jiwe." Halafu funga mdomo, mwachie mama kazi. Kesho asubuhi mbebe mtoto, nenda ofisi ya kata uulize utaratibu wa cheti cha kuzaliwa, uandikishe Rwegasira. Kamugisha akitaka kuja, avae viatu. Asipotaka, atalisoma kwenye cheti kama watu wengine.