Jina la Kumi na Saba

Chumba namba 9,
Nyuma ya karakana.
Tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kukalia kiti kibovu cha ofisini. Mama hajambo, anakuulizia kila siku. Shemeji na watoto hawajambo? Na wewe je? Nijibu ukweli, si ile "hatujambo" ya kila barua.

Nakuandikia kwa sababu simu yangu huipokei tangu msiba wa baba. Kisa nakijua. Nilikutolea fomu za bima hata watu hawajatawanyika makaburini. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Kazi yenyewe sasa iko hivi. Watu wanajaza fomu mtandaoni wakitaka kujua bei ya bima, na wenye fomu wanatuuzia majina yao sisi mawakala. Jina moja huuzwa kwa mawakala kumi. Basi ni mbio, anayewahi kupiga ndiye anayekula. Natukanwa kabla sijamaliza salamu, na bosi wetu, tunamwita Kengele, kanisimamia nyuma: "Piga, piga, usipoe!" Nimechoka, ndugu yangu. Nimechoka mno.

Jumatatu nilinunua orodha ya majina arobaini. La kumi na saba lilikuwa lako.

Nikapiga kwa simu ya ofisini nikitaka nikutanie. Mdomo, kwa mazoea, ukasoma karatasi: "Habari za asubuhi, mteja wetu mpendwa." Ukafoka, "Nyie watu wa bima mna wazimu? Wewe ni wa saba leo!" Ukakata. Hata sauti hukuijua, mimi niliyekubeba mgongoni!

Ndipo nikasoma mstari wako kwenye orodha mpaka mwisho, pale yalipo majibu ya fomu. Una ugonjwa wa muda mrefu? Umejibu: Ndiyo.

Imeniuma, sikufichi. Mawakala wengine tisa wasiokujua hata sura wanajua unaumwa, mama aliyekuzaa hajui. Na mimi habari hiyo nimeinunua kama mtu anayenunua nyanya. Ulishindwa hata kumtuma shemeji aniambie?

Sasa nisikilize, hapa siuzi kitu. Atatokea wakala mwenye maneno matamu akwambie ubadilishe ile Ndiyo iwe Hapana, ili bei ishuke. Usithubutu! Likitokea la kutokea, kampuni itafukua faili zako za hospitali, na watoto hawatapata hata senti. Najua, kwa sababu mimi mwenyewe nilimshauri hivyo dereva mmoja wa lori mwenye kisukari. Mjane wake alikuja ofisini na watoto watatu. Nilijificha chooni mpaka akaondoka.

Iache Ndiyo yako ilivyo. Nitatafuta kampuni itakayokukubali hivyo hivyo, na komisheni siitaki. Mama sijamwambia, hilo nimekuachia mwenyewe.

Msalimie sana shemeji. Kitinda mimba mpakate kwa niaba yangu, na yule mkubwa mwambie baba yake mkubwa yupo hai. Mungu akupe nafuu, atupunguzie na kiburi sote wawili.

Wiki hii watakupigia wengi. Namba inayoishia na arobaini na moja ni yangu ya ofisini. Pokea, uniambie unaumwa nini.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukinikatia simu.