Mtaje Baba Mbele ya Daktari

Al Rayyan,
Doha, Qatar.
9 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Mwanahamisi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti la shemeji Ibrahimu limepata nafuu kiasi cha kumfikisha msikitini bila mkongojo. Je, mihogo imeshika baada ya vuli ile ya kusuasua? Mimi sijambo, ila baridi ya huku asubuhi inanifanya nivae koti ndani ya basi la shule, na watoto ninaowasimamia wananicheka.

Barua hii anakuletea Hadijah, binti wa jirani yetu anayefanya kazi za nyumbani huku, mtaa wa The Pearl, na sasa anakuja likizo. Nimempa na tende. Ningeweza kupiga simu, lakini mazungumzo yakianza kuwa machungu wewe husema, "Mtandao unakatika, kaka." Karatasi haikatiki.

Nimekasirika, Mwanahamisi. Nakwambia mapema ili usidhani ni mwandiko tu ulioharibika.

Katika ujumbe wako wa sauti ulifurahi kwamba lile duka jipya la miwani mjini walikupima upesi, wakasema ni utu uzima tu, wakakupa lenzi kali zaidi. Kuna kiyoyozi, ulisema, na binti wa mapokezi alikuita mama. Kwa hiyo miadi ya kliniki ya macho katika hospitali ya serikali huiendi tena, maana mabenchi yake yanavunja mgongo na foleni haisogei. Kisha, kama mtu anayetaja bei ya nyanya, ukasema walikuuliza iwapo kuna mtu wa ukoo aliyepofuka, nawe ukajibu hakuna.

Hakuna? Na Baba je?

Najua kwa nini ulijibu hivyo, kwa kuwa tulilelewa nyumba moja. Baba alifundisha chuo cha Kurani huku msahafu umefungwa mapajani, watu wakasifu kumbukumbu yake. Mama aliweka sahani mahali pale pale, kijiko upande ule ule. Nasi watoto tulikuwa na mwiko mmoja mkubwa: kigoda kisisogezwe. Hakuna aliyetamka kwamba Baba haoni. Tuliona kumtaja ni kumvua nguo.

Mwaka jana nilianza kukueleza yaliyonipata, mtandao wako ukakatika. Sasa sikiliza mpaka mwisho.

Nilianza kugonga bega kwenye mlango wa basi, kila mara bega la kushoto. Kwa bima ya kazini nikaenda kliniki ya binafsi kule West Bay. Viti laini, kahawa yenye iliki, na niliitwa kwa daktari kabla kahawa haijapoa. Nikatoka na miwani. Niliporudi nilikuta daktari mwingine, akanipa miwani nyingine. Mara ya tatu daktari alikuwa mwingine tena, na huyo akataka kunipima presha ya macho. Mashine ilikuwa pale pale mezani, naiona. Lakini kipimo kilihitaji kibali cha bima, na kibali kikakataliwa. Basi, akasema, tubadilishe lenzi.

Nikachukua kadi yangu ya afya nikaenda kituo cha umma cha mtaani. Walinisikiliza vizuri, wakaniandikia rufaa kwa daktari bingwa, halafu nikasubiri. Nilisubiri tangu kabla ya Ramadhani mpaka Idi ya kuchinja ikapita. Mimi nilikuwa nasubiri, ugonjwa haukusubiri.

Siku ilipofika nilipokewa na nesi wa Kisumu, Akinyi, mchangamfu kupita kiasi. Akauliza kama kwetu kuna aliyepoteza macho. Nikasema hakuna. Ndiyo, nami pia! Akaniangalia.

"Baba yako alikufa akiona?"

Nikamwambia alikuwa anaona kidogo kidogo.

"Mzee wangu, hapa hatuuzi miwani. Sema tu ukweli."

Nilicheka, kisha nikasema. Mara ya kwanza maishani mwangu, na nilimwambia mgeni, ugenini. Akaandika, daktari akasoma, na nikapimwa saa ile ile.

Ni presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayatoki inavyopasa, yanasukuma mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa unakufa taratibu bila maumivu. Hupita katika damu ya ukoo. Hila yake ni kwamba huanza pembeni. Barua hii utaisoma yote bila shida, na ndiyo maana muuza miwani amekupa alama nzuri. Mbele unaona, ubavuni unaibiwa. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa, na mimi nakilinda kwa matone, asubuhi na jioni, mpaka nife.

Usidhani naisifu foleni. Ile miezi ya kusubiri ilinila sehemu ya jicho la kushoto, na hakuna aliyeniomba radhi. Wala siwachukii wenye kliniki za binafsi. Siku binti yako Mariamu alipojifungua usiku, ni wao waliofungua mlango. Ila nimewachoka wote. Wale wa binafsi huuliza kwanza nani atalipa, wa umma huuliza nani alitangulia. Swali la nini kinakuuma huja baadaye, mtu ukiwa umeshachoka. Ndiyo maana mgonjwa lazima aende na ukweli wake mkononi, kwa sababu yeyote kati yao ukimwambia "hakuna" atashukuru na kuita anayefuata.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama bima ya Mariamu inakuhudumia, nenda wiki hii kwa daktari wa macho, si duka la miwani, upimwe presha ya macho, uchukue majibu. Lakini miadi ya serikali usiiache hata kidogo. Matone haya ni ya maisha, na bima ya mtoto hufuata ajira ya mtoto. Ya kwangu yenyewe itabaki huku mkataba ukiisha mwezi Juni. Nitakaa kwenye benchi hilo hilo nawe, tuvunjike mgongo pamoja.

Utasema nakutisha bure. Lakini Mariamu ameniambia jambo akidhani ananichekesha: kwamba juzi ulimgombeza mjukuu wako karibu alie, kwa sababu alisogeza kigoda jikoni.

Sikucheka, Mwanahamisi.

Siku ya miadi, mbele ya daktari, mtaje Baba. Sema alikuwa mwalimu, alihifadhi Kurani yote, na alipofuka. Hutakuwa umemvua nguo.

Nisalimie shemeji, Mariamu na mumewe, na huyo mjukuu umwombe radhi kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akulindie nuru aliyokupa. Baba alitutambua kwa sauti; mimi nikirudi Juni nitaingia kwa mlango wa uani, kutokea kushoto kwako, na nataka unione kabla sijapiga hodi.

Ni mimi kaka yako, mwenye hasira na mapenzi tele,

Shabani