Hoho za Kijani

Sotik, Jumanne

Baba Moureen,

Huku tuko, watoto hawajambo. Hoho zimezaa sana, lakini sikungoja ziwe nyekundu. Nimezichuma zote kijani nikazitia kwenye siki, chupa kumi na moja.

Utauliza haraka ni ya nini. Tangu kampeni zianze, tunaambiwa turudi kwetu Kisii, tuwaachie wenyeji ardhi. Nilidhani ni maneno tu. Halafu jana Mama Chebet, jirani yetu tangu tununue hili shamba, alikuja kuniuliza hoho humwagiliwa maji mara ngapi kwa wiki. Hajawahi kuzipanda. Nilipomwambia ni mara tatu, hakuniangalia usoni.

Chupa nimezipanga mlangoni, kando ya viatu vya watoto. Usije, utungoje huko huko uliko. Leo nimeamka nikakuta mimea imeshamwagiliwa.

Wako,
Bonareri