Mama Amekataa Kura

Jumapili, Kanduyi. Mawingu yamejaa tangu asubuhi lakini mvua bado haijaamua. Niko jikoni kwa mama, simu mkononi, na sina nguvu hata ya kuosha sufuria ya uji.

Leo sikutuma neno la asubuhi. Ni mara ya kwanza tangu nianze.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi huuza mitumba ya watoto sokoni Kitale. Mwaka jana vibanda vyetu vilipobomolewa ili barabara ipanuliwe, wenzangu walikaa chini wakalia. Mimi nilitandika gunia kwenye matope, nikapanga nguo, nikaanza kuita wateja kana kwamba duka langu limehamia ghorofani. Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Wanawake wakacheka, kisha wakatandika magunia yao. Tangu siku hiyo wananiita Mama Iko Sawa. Wamenifanya mwenyekiti, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi mimi hurekodi dakika moja ya kuwatia moyo, nikawatumia kwenye kundi letu la simu. Mtu akigombana na mumewe, naitwa. Mmoja wa Saboti alikuwa ameshafungasha mizigo arudi shambani, nikamwambia asirudi, akabaki.

Nakiri kwamba nilipenda. Nilipenda sana kusikilizwa.

Zaidi ya wiki moja iliyopita, Wafula, mdogo wangu anayeishi hapa nyumbani na mama, aliniandikia ujumbe: "Sista mama amekataa kura kabisa. Tufanye nini."

Sisi watu wa Bungoma, r na l hubadilishana viti mdomoni, na Wafula huandika vile anavyoongea. Hilo nalijua tangu utotoni. Mimi mwenyewe nilichekwa na wateja wa Kitale hadi ulimi ukanyooka. Lakini siku hizo watu wa kuandikisha wapiga kura walikuwa wanazunguka huku, na mama yangu ni mtu wa siasa. Kila uchaguzi hufika kituoni kabla ya makarani, amebeba kiti chake cha plastiki. Nikajua tu amewakasirikia wanasiasa. Niliwasomea wenzangu ujumbe ule pale sokoni, tukacheka, nikamjibu Wafula: "Usimsumbue. Mwache tu, hasira ikiisha atarudi mwenyewe. Iko sawa!"

Mama alikuwa amekataa kula.

Na jibu langu likatoshea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wafula hakuona kosa lolote ndani yake. Dada yake mkubwa, ambaye soko zima linamsikiliza, amesema mama asisumbuliwe, basi akamwacha. Mama alimeza chai vijiko viwili vitatu kwa siku, chakula kikaletwa na kuondolewa. Ijumaa ndipo Wafula akanipigia kuniuliza hiyo hasira kwa kawaida huchukua muda gani, maana mama alikuwa ameshindwa kusimama kwenda chooni.

Nilifika jana asubuhi nikafanya ninachokijua. Nilifungua madirisha, nikabadilisha shuka, nikaimba. Nilimwambia Wafula achinje kuku. Mama akageuza uso ukutani, na sisi Wabukusu hatujui kukataa kuku; Mbukusu akimpa kuku kisogo, usidanganyike tena. Tukampeleka hospitali. Walimtundikia maji, wakamchukua vipimo, na daktari akasema kuna kitu kooni, majibu yatatoka Alhamisi. Mama alikataa kulazwa. Nilimvuta daktari kando nikamuuliza kama atapona, akasema tusubiri. Nilimchukia kwa kutonidanganya.

Tuliporudi nilimuuliza mama haya maumivu yalianza lini. Akasema wakati wa kupanda mahindi. Mahindi sasa yamekomaa shambani. Miezi yote hiyo tumekuwa tukiongea kwa simu kila Jumapili, tukicheka, akiniuliza habari za watoto. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe nitakuambia nini?" akasema. "Kwako kira kitu iko sawa."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anavyosema sukari imeisha.

Na alikuwa ameniambia. Nimekumbuka leo kanisani, katikati ya maombi. Kuna Jumapili alisema chakula hakishuki vizuri, nami nikamjibu ni uzee tu, mama, kunywa maji mengi. Akasema haya, akabadilisha maneno. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufichwa, niliambiwa nikaziba masikio kwa maneno matamu.

Sasa nawafikiria wale wanawake. Kila asubuhi wanaandika Amina, Amina, Amina, nami nilikuwa nazisoma kama malipo yangu. Mwenzangu mmoja wa Kachibora aliwahi kuandika Amina akiwa wodini, mtoto wake amelazwa. Nilikuja kujua baadaye sana, tena kwa mtu mwingine. Nilipomuuliza alisema hakutaka kuniharibia siku. Wakati ule nilidhani ni heshima.

Mchana huu majirani walikuja wakaomba, wakaondoka. Nikampikia mama uji mwepesi wa wimbi. Alimeza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu kikarudi chote kwenye kitambaa. Nilimfuta mdomo. Nikavuta pumzi niseme lile neno langu, lakini akaniwahi.

"Najua utasema nitapona."

Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nimelisema mara nyingi hadi linatoka lenyewe, kwa watu wazima, kwa watoto, kwa wageni nisiowajua majina.

"Sijui, mama," nikasema. "Sijui kama utapona. Naogopa sana."

Nilitarajia alie, au anikemee kwa kumkatisha tamaa mgonjwa. Badala yake akasogeza miguu yake, polepole, hadi pakapatikana nafasi ndogo ukingoni mwa kitanda. Tangu nifike jana nilikuwa nimesimama muda wote, nafagia, napika, naimba.

"Basi kaa chini," akasema. "Hata mimi naogopa."

Nikakaa. Akaniambia mahali panapouma na jinsi panavyouma usiku, na ndoto alizoota, na nani achukue ng'ombe. Sikumkatiza hata mara moja. Amelala sasa. Sikumpa chochote cha kumsaidia, na kijiko cha nne hakuchukua.

Kesho kutakucha. Atakula? Sijui.